Jumamosi Waliyosema Nampika Helmi

Mtoto walininyang'anya akiwa bado anafuka mvuke kichwani.

Nilikuwa nimesimama uani, kanga mbili zimelowa chapachapa, mkononi nina fungu la matawi ya mpera, na watu wameshajaa mpaka kwenye tuta la mchicha. Mbele yao alikuwa Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Kaiva!" anapiga kelele. "Mtoto wa watu kaiva! Mtazameni!" Na kweli Helmi alikuwa mwekundu kama nyanya ya Mlali, nywele zimemganda usoni, analia. Alikuwa anakaribia miaka mitano. Hakulia kwa kuiva. Alilia kwa sababu watu asiowajua walikuwa wamemshika mikono na miguu, naye anawatandika mateke.

"Mwacheni dada yangu!" anasema. "Leo Jumamosi! Tunaoga!"

"Mnaoga kwenye moshi?" mwanamume mmoja akamuuliza. Akawageukia wenzake. "Ameshalishwa kitu huyu, ndiyo maana anamtetea."

Nikamwona Athumani, mlinzi wa nyumba ile, amesimama kwenye geti alilowafungulia yeye mwenyewe. Moyo ukatulia kidogo. Nikamwita, "Athumani, waambie! Kuni si umezipasua wewe leo asubuhi? Waambie kile ni chumba gani!"

Athumani akatazama viatu vyake. Halafu akasema, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Mimi ni wa getini. Ya humo ndani siyajui. Hata mimi kuna siku alinipa pipi nyeusi, nikatapika."

Basi. Hapo mtu akanivuta kanga, nikateleza, nikaangukia ngazi ya jikoni na mkono wa kushoto chini yangu. Niliusikia ukivunjika kabla sijahisi maumivu.

Nyinyi mabinti mnaojifunza kazi za ndani pale parokiani, mwalimu wenu Mama Felista ameniomba mara tatu nije niwahadithie, na mara zote tatu nimekuja nikaishia kugombana na watu ambao hata hawamo chumbani. Ndiyo maana akaniambia, "Bi Hawa, andika." Nimeishia darasa la nne, Kinole huko juu, lakini mkono wa kulia ni mzima. Nimeandika kwenye daftari la mjukuu wangu. Palipokosewa, someni hivyo hivyo.

Nimefanya kazi za ndani miaka ishirini na miwili. Nimelea watoto wa mwalimu, watoto wa muuza duka, mapacha wa daktari mmoja waliokuwa wanang'atana. Lakini mnayotaka kusikia ni ya kwa Wafini, wale wazazi wa Helmi kutoka Ufini, najua, kwa sababu kila nikija mnaanza kuchekacheka na kusukumana. Kuna mmoja wenu, mwenye rasta za bluu, aliniuliza, "Bi Hawa, kwa hiyo nyie mlikuwa na spa kabla ya watu wote Moro?" Nilicheka siku ile. Nina haki ya kucheka, kile chumba nimekijenga.

Nianze na kigari.

Helmi aliletwa Morogoro akiwa na miezi minane. Baba yake alikuwa mtu wa misitu, kutwa yuko milimani anapima miti. Mama yake alifundisha wauguzi. Wiki ya kwanza tu Mama Helmi akamvika mtoto soksi, akamlaza kwenye kigari, akakisukuma mpaka kibarazani, nje, na manyunyu ya mlimani yanashuka. Akanitabasamia, akaenda kazini.

Nikasema huyu mama amesahau. Nikamrudisha mtoto ndani.

Mama Helmi aliporudi mchana kula, akakuta kigari kitupu. Akamtoa. Alipoondoka nikamrudisha. Tulifanya hivyo siku tatu, hakuna anayesema neno, kama watu wanaovutana shuka. Siku ya nne akanikalisha chini na Kiswahili chake cha darasani: "Dada Hawa, kwetu mtoto analala nje. Hata barafu ipo, analala nje. Analala vizuri." Nikamjibu, "Mama, kwetu mtoto akilala nje ujue mama yake amefariki." Akafikiri kwa muda mrefu. Mfini akifikiri usimkatize, hata kama unaona amelala na macho wazi. Mwishoni akasema, "Tumweke nje, na wewe ukae karibu." Nikakubali. Na mtoto, nawaambieni, alikuwa analala masaa mawili hajageuka, mashavu yamejaa damu. Mapacha wa daktari hawakuwahi kulala nusu saa.

Hapo ndipo nilipojifunza swali ambalo nataka mliandike. Ukiingia nyumba ya watu wa mbali, usiulize tu mtoto anakula nini. Uliza: huko kwenu, saa hizi, mtoto huyu angekuwa anafanya nini? Mama Helmi nilipomuuliza hivyo, machozi yalimtoka. Alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Helmi alikuwa anakua Mmorogoro. Anaita embe kabla ya kuita jina la bibi yake. Anakaa kitako anachambua mchicha kama mtoto wa Matombo. Mkataba wa baba ukiisha watarudi kwao, na mtoto atakuwa mgeni kwenye nchi yake, hajui hata mlango wa bafu unafunguliwaje. Na wao wawili wako kazini kutwa nzima.

"Basi nifundishe mimi," nikasema, "nitamfundisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi, Mluguru wa Kinole, darasa la nne, ambaye mbali kabisa niliwahi kufika Kibaha kwenye msiba, ndiye niliyemfundisha Mfini kuwa Mfini. Mama Helmi alinichorea picha kwenye daftari, kila mwezi na mambo yake, nikalibandika ukutani jikoni.

Mwezi wa kumi na mbili, siku tatu kabla ya Uhuru wetu, ni uhuru wao. Jioni wanawasha mishumaa miwili dirishani, basi, hakuna ngoma wala gwaride. Mwaka wa kwanza niliiweka karibu na pazia. Pazia la Mama Helmi likabaki nusu. Helmi akapiga makofi, akadhani ndiyo sherehe yenyewe, na kila mwaka baada ya hapo alikuwa anauliza, "Dada, leo hatuchomi pazia?"

Mkate wao ni mweusi, mchungu kidogo, wa nafaka ambayo huku haipo. Nilihangaika nao mwezi mzima. Mwishowe nikachukua unga wa ulezi, nikauchachusha kwa togwa iliyolala siku mbili, nikachanganya na ngano kidogo ili ushikane, nikaoka kwenye sufuria kwa mkaa chini na juu. Ulitoka mzito kama tofali. Baba Helmi alikata kipande, akapaka siagi, akatafuna, akaweka kisu mezani. Hakusema kitu. Nikajua nimeharibu. Kumbe ule ndio wimbo wa sifa. Akala mkate wote peke yake amesimama.

Halafu ile pipi. Wanayo pipi nyeusi ya chumvi, inatumwa kutoka kwao kwenye vifurushi. Ukiiweka mdomoni ni kama umelamba betri ya redio. Helmi alinipa akanikazia macho. "Dada, ni tamu eti?" Nikasema tamu, machozi yananitoka. Nikaona nisiteseke peke yangu, nikampelekea Athumani getini. "Mlinzi, karibu pipi ya Ulaya." Akaitupa mdomoni nzima nzima. Aliruka, alitema, alisukutua na maji ya bomba, tukacheka mimi na yeye na Helmi mpaka tukakaa chini. Kumbukeni hicho kicheko. Alicheka pamoja nasi.

Sasa chumba chenyewe.

Mama yake Baba Helmi alikuja kutembea, Helmi akiwa na miaka mitatu. Bibi wa miaka sabini, mifupa mikubwa, mikono ya mtu aliyelima. Hajui Kiswahili hata neno, nami Kifini nilikuwa najua cha mtoto tu: maziwa, lala, acha. Siku ya pili alizunguka nyumba yote, akarudi amekunja uso, akamwambia mwanawe jambo kwa ukali. Mama Helmi akanitafsiria huku anajizuia kucheka: "Anauliza, mnamlea mtoto wapi bila sauna?"

Sauna ni bafu lao la mvuke. Tukajenga, mimi na yule bibi na Athumani. Mbao za mkangazi, kijumba kama banda la kuku wengi, mlango mfupi, benchi la juu na benchi la chini, na jiko la bati zito lenye mawe juu yake. Baba Helmi alileta mawe mazuri ya mviringo kutoka mtoni. Nikamwambia, "Baba, hayo yatapasuka." Akasema yeye amejenga sauna tatu. Nikawasha. Moto ulipokolea, jiwe la kwanza likalipuka kama risasi, kipande kikapita karibu na sikio lake. Akatoka nje, akaketi kwenye nyasi, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada Hawa, ulijuaje?"

Mtoto yeyote wa mlimani anajua hilo. Jiwe la mtoni limekunywa maji miaka yote, ukilitia motoni maji yanatafuta njia. Mafiga unayachukua juu, penye jua. Nikaenda mwenyewe Kinole, nikarudi na mawe meusi ya nyuma ya nyumba ya mama yangu. Hayo hayakupasuka kamwe.

Mambo mengine yote alinifundisha yule bibi, na kwangu yeye ndiye fundi. Tulielewana kwa mikono. Maji juu ya mawe ni upawa mmoja, halafu unasubiri. Ukimwaga mengi unauzima moto na kuunguza watu. Mtoto anakaa benchi la chini, muda mfupi, na mlango uko karibu. Mtoto anayepiga kelele yuko salama. Ukiona amenyamaza, mtoe. Halafu kuna matawi. Kwao wanafunga matawi ya mti ambao huku hauoti, wanajipigapiga mgongoni damu itembee. Nikajaribu mwarobaini, tukanuka kama duka la dawa. Nikajaribu mkaratusi, ukawa mzuri lakini mkali kwa mtoto. Tukabaki na mpera, majani yake laini na harufu yake ya nyumbani.

Shida ilikuwa moja. Siku ya kwanza ya kuwasha, yule bibi aliingia kama alivyozaliwa. Mabinti, mimi ni mtoto wa Kiislamu. Niligeuza uso ukutani. Akanigonga begani, akanionyesha kanga zangu, akanifanyia ishara nivue. Nikamfanyia ishara na mimi: hata iweje. Akazitazama kanga, akanitazama mimi, akainua mabega, akaniachia nafasi kwenye benchi. Tukakaa. Nje mbuzi wa watu wanalia, ndani mawe yanapumua. Nilikuwa na mambo mengi kichwani mwaka ule, mume wangu alikuwa ameniacha, na dada yangu yuko kitandani. Sijui tulikaa muda gani. Nilipotoka nilikuwa nimelia, na yule bibi alinimwagia maji baridi kichwani kama anayemwosha mtoto, akanipa soseji ya ng'ombe, ndicho chakula chao cha baada ya sauna.

Tangu hapo kila Jumamosi alasiri ilikuwa ya sauna. Athumani anapasua kuni asubuhi, mimi nawasha, tunaoga na Helmi, halafu mtoto namtumbukiza kwenye beseni la maji ya mlimani, ambayo mnayajua, yanakata meno. Hapo lazima apige yowe. Yowe la furaha, lakini ukilisikia kutoka nje ya ukuta ni yowe tu. Wakubwa wanaingia jioni. Na Athumani wanamwachia zamu ya mwisho, na alikuwa anaipenda kuliko mtu yeyote. "Dada Hawa," aliwahi kuniambia, "kile chumba kimeniponya kiuno."

Sasa nafika kwenye kosa langu, na nataka mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa wengine.

Majirani waliona moshi, wakauliza. Mama Zuhura aliniuliza kwa wema kabisa, tulikuwa bombani: "Shoga, kile kijumba cha nini?" Nikaona aibu. Morogoro hii, joto la mwezi wa pili, nikamwambie tunajifungia tuongezewe joto? Angenicheka mpaka sokoni. Nikamjibu, "Tunakausha mdalasini." Mtu wa Kinole akisema anakausha viungo nani atabisha? Akaamini. Wote wakaamini. Miaka miwili tunakausha mdalasini.

Uongo ule nilisema mimi. Nauweka hapa mbele yenu. Kwa hiyo mtakapokwenda kazini, jambo geni la nyumba mnayofanyia msilifiche. Waiteni majirani siku ya kwanza, waonyesheni, waache wacheke washibe. Mtu aliyekwisha kucheka hatakuja na mawe.

Jumamosi ile Baba Helmi alikuwa msituni na Mama Helmi alikuwa kikazi Mzumbe. Mama Zuhura alipanda kwenye tofali kumtafuta kuku wake. Akaona upande wa pili moshi, mlango unafunguka, mtoto mwekundu anatoka ndani ya mvuke, mwanamke anampiga na matawi mgongoni, kisha anamtumbukiza kwenye maji na mtoto anapiga yowe, halafu wanarudi tena ndani ya mvuke. Na mdalasini haupo. Nimejiuliza mara nyingi, ningekuwa mimi juu ya lile tofali ningefanya nini. Ningepiga kelele. Kwa hiyo Mama Zuhura namtaja, lakini deni lake kwangu ni dogo. Na alikuja. Baada ya miezi minne alikuja na sinia la ndizi, akalia, nikamsamehe.

Athumani hakupanda juu ya tofali. Athumani alijua. Alijua mbao, alijua mawe, kiuno chake kilijua. Alikuwa na funguo. Alikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu, "Hiki ni bafu," na watu wangerudi kwao wamenuna. Badala yake akafungua geti, halafu akaileta ile pipi.

Waliniweka ofisi ya serikali ya mtaa, mgambo mlangoni, mkono unavimba. Nje watu wanaimba. Helmi walimwacha kwa mke wa mwenyekiti, na niliambiwa baadaye kwamba alikataa juisi, akakataa biskuti, akakaa kwenye kochi anarudia neno moja kwa kila aliyeingia: "Mmekosea." Hana hata miaka mitano.

Mama Helmi alifika alasiri imeshainama. Hakupiga kelele. Alimbeba mwanawe kwanza, akanijia, akakaa sakafuni pembeni yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Akautazama mkono. Kisha akamwambia mwenyekiti wetu, Bwana Mbena, taratibu, neno baada ya neno: "Kile ni chumba cha kuogea. Nimemwomba mimi. Huyu hajafanya kosa. Nani amemvunja mkono?"

"Mama, tumekuelewa," Mbena akasema. "Yameisha. Ni hasira za wananchi tu."

"Nje hawajaelewa," Mama Helmi akasema. "Waambie."

"Nitawaambia."

Tulitokea mlango wa nyuma.

Jumatatu Mama Helmi aliandika barua. Kurasa mbili, Kiswahili, aliandika usiku kucha na kamusi. Nilikuwapo akiisoma kwa sauti kabla ya kuifunga. Ilieleza chumba ni nini, nani alikijenga, nani alipasua kuni, nani alioga humo kila Jumamosi, na jina la Athumani limo. Ilisema kwamba mimi nimemlea mtoto wake kama yeye mwenyewe angependa kumlea. Aliomba isomwe kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu wale wale. Tuliipeleka wote wawili, mimi na bandeji yangu. Mbena aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye faili la kijani.

Mkutano ukaitishwa. Walizungumza takataka na mfereji. Mwisho nikanyoosha mkono, huu wa kulia. Mbena akasema, "Bi Hawa, tusichochee mambo. Mtaa umetulia." Na Athumani alikuwa benchi la pili. Tulipotoka nikamfuata. "Athumani, kwa nini?"

"Dada Hawa, wale watu walikuwa wengi. Ningefanyaje?"

"Na mtoto je? Mtoto alisema."

"Mtoto ni mtoto," akasema. "Hajui kuogopa."

Mkataba wa Baba Helmi uliisha mwaka ule, wakaondoka. Mimi nilibaki na mkono usionyooka na jina. Mpika Mtoto. Nilibisha hodi nyumba sita, zote wananijua. Mtu ananipokea vizuri, ananiuliza naishi mtaa gani, halafu uso unafungwa. Kazi niliyoijua kuliko kitu chochote ilikufa nikiwa na miaka arobaini na moja. Sasa nauza karafuu na iliki sokoni, naendelea vizuri, msinionee huruma. Kama ni huruma, mwonyesheni mtoto wa mtu huko kazini.

Lakini mwezi uliopita mambo mawili yalitokea wiki moja.

La kwanza, simu iliita. Namba ndefu. Sauti ya msichana, lafudhi ya Moro kabisa: "Dada Hawa, shikamoo. Hujanisahau?" Nilikaa chini. Yuko mwaka wa mwisho wa shule, miaka kumi na saba, mrefu kuliko baba yake, anasema. Bibi yake amefariki. Nikamuuliza, huko kwenu ulipofika ulikuwa mgeni? Akacheka. "Siku ya kwanza sauna ya bibi, binamu zangu walifikiri nitaogopa. Nikamwaga upawa mmoja, nikasubiri. Bibi akawaambia, mnaona? Huyu kafundishwa." Halafu akanyamaza, kule kunyamaza kwao, nami nikasubiri kama nilivyofundishwa. Akauliza: "Dada, wale watu walikuomba radhi? Ile barua ya mama waliisoma?"

Nimemfundisha mtoto yule mengi na sikuwahi kumdanganya. Nikamwambia hapana.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

La pili, siku tatu baadaye mjukuu wangu alirudi kutoka shule hataki kula. Ana miaka saba. Nilimbembeleza mpaka akasema. Mtoto mwenzake amemwambia wasicheze, kwa sababu bibi yake aliwahi kupika mtoto wa Mzungu. Miaka kumi na mbili imepita. Aliyemwambia hakuwa hata amezaliwa.

Ndiyo maana daftari hili mnalisoma nyinyi leo, na nakala nyingine naipeleka ofisi ya mtaa kwa mkono wangu. Mnaokwenda kulea watoto wa watu, kazi yenu ni nzuri na mnaweza kuifanya kwa sifa, hata ya watu ambao nchi yao hamtaiona. Nimeifanya. Mahali fulani kule Ufini kuna msichana anayejua kusubiri mvuke, na mawe aliyojifunzia yalitoka nyuma ya nyumba ya mama yangu. Hilo Mbena hawezi kulitia kwenye faili.

Bwana Mbena, wewe bado ni mwenyekiti, na faili la kijani bado liko kwenye kabati la bati, nimeliona nilipokuja kugongesha muhuri. Mkutano wa mtaa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nitakuwa nimekaa mbele. Isome ile barua, kurasa zote mbili, kwa sauti, pale pale walipoimba. Usiposoma nitamkabidhi Mama Felista simu aifungulie sauti, na Helmi ataisoma yeye kutoka huko kwao. Mama yake alibaki na nakala.

Na wewe Athumani, siku hizi ni mjumbe wa mtaa, unakaa meza ya mbele na wakubwa. Vizuri, hutakuwa mbali. Barua ikishasomwa utasimama mbele ya mjukuu wangu, nitakuja naye, utamjibu swali moja. Si gumu, lina jibu la neno moja, nawe hutahitaji kuogopa kwa sababu safari hii yeye yuko peke yake na ana miaka saba.

Jumamosi ile asubuhi, kuni alizipasua nani?